Farasi aliyenasa kwenye seng'enge usiku: tulianza kulaumu waya, tukaishia kwingine

Nianze na ile asubuhi mana kila mtu akinisimulia kisa cha farasi kuumia huwa anaanzia hapohapo. Saa kumi na mbili na kitu simu inalia, ni rafiki yangu, sauti kama mtu aliyetoka kukimbia, anasema Kahawia kasimama kwenye kona ya uwanja kwa miguu mitatu, mguu mmoja wa nyuma kauning'iniza, waya umemzunguka na damu imeganda mpaka kwenye kwato. Nikamuuliza ametulia au anapapatika, akasema ametulia kabisa. Nikapumua. Nilivofika ndo nikaelewa ule utulivu ulikuwa wa namna gani, ardhi pale ilikuwa imechimbika kama imelimwa, yani alishavuta weee usiku kucha mpaka nguvu zikamuisha.

Kahawia ni dume aliyehasiwa, miaka 9, mpole kupitiliza, anapandwa Jumamosi na Jumapili na siku zingine yupo tu uwanjani. Peke yake. Hilo la peke yake liweke pembeni, tutalirudia.

Kumtoa tulifanya hivi: mmoja amekaa kichwani anamshika kamba na kuongea naye, mwingine anakata. Waya uliovutika ukiukata bila kuushika pande zote mbili unaruka kama mjeledi na unaweza kumpiga farasi au ukaingia kwako machoni, kwahiyo unashika huku na huku ndo unakata, na unasimama ubavuni, usisimame moja kwa moja nyuma yake hata kama ni mpole vipi. Farasi anaona karibu pande zote lakini nyuma ya mkia haoni kitu, na farasi mwenye maumivu haangalii urafiki wenu wa zamani.

Jeraha lilikuwa mguu wa nyuma wa kushoto, upande wa mbele, chini kidogo ya kile kiungo kikubwa cha katikati ya mguu wa nyuma. Ngozi imefunuka kwenda chini kama soksi, mfupa wa muundi unaonekana mweupe upana wa vidole viwili. Akijaribu kukanyaga, ncha ya kwato inajikunja mbele anataka kuangukia kifundo. Jamaa kabla sijafika alikuwa ameshamwaga haidrojeni paroksaidi na juu yake akapuliza ile dawa ya zambarau, na simlaumu sana mana karibu kila mwenye mifugo analo lile kopo. Lakini jamani hiyo paroksaidi inaua na nyama nzima iliyobaki, alafu ile rangi inafanya daktari asijue anaangalia nini. Cha kufanya ni maji safi ya chumvi, kijiko cha chai kilichosawazishwa kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unamwagia polepole kwa muda mrefu, unaweka kitambaa kisafi, pamba nene na bandeji yenye kubana kiasi, basi. Unamsubiri vetinari.

Wakati tunasubiri tukampima. Mapigo ya moyo, unaweka vidole kwenye mshipa chini ya taya, yalikuwa 60 kwa dakika, farasi mkubwa aliyepumzika anatakiwa awe kati ya 28 na 44. Pumzi 24, kawaida ni 8 mpaka 16. Joto 38.1, hilo lilikuwa sawa, hata 38.3 bado ni kawaida. Nikamuuliza jamaa farasi wako akiwa mzima anakuwaga na ngapi, akaniangalia tu. Hajawahi kupima. Nikamuuliza chanjo ya pepopunda alichoma lini mara ya mwisho, akasema yule aliyemuuzia alimwambia "ana chanjo zote". Kadi? Hakuna kadi.

Hapa nikae kidogo mana watu wanaichukulia poa. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha farasi mwenyewe, na kati ya wanyama tunaofuga farasi ndo anaathirika kirahisi kuliko karibu wote. Kidonda chenye matope na waya wenye kutu ni mwaliko. Na si lazima kidonda kiwe kikubwa, msumari kwenye ukwato unatosha. Kinga yenyewe ni rahisi, sindano mbili zinazopishana wiki 4 mpaka 6, alafu unarudia kwa ratiba ya daktari wako. Mtu anaweza kujenga banda zuri mpaka linapigwa picha alafu hana hiyo sindano.

Vetinari alifika baada ya kama masaa matatu. Kitu cha kwanza hakugusa ile sehemu inayotisha, alitaka kujua kama kiungo kimefunguka. Akamchoma dawa ya kumtuliza, akanyoa, akasafisha, akaingiza sindano kwenye kiungo kupitia upande ambao hauna jeraha, akasukuma maji ya chumvi yaliyo safi kabisa, tukakaa tunaangalia kama yatatokea kwenye kidonda. Hayakutoka. Alivoona hivo hata yeye mabega yalishuka, mana uchafu ukiingia kwenye kiungo cha farasi hapo unahesabu masaa, na kuna vidonda vidogo tu, tundu la ukubwa wa punje, vimemaliza farasi kwasababu vilikuwa juu ya kiungo na mwenyewe akasema aah hiki kidogo kitapona. Ukubwa wa kidonda haukwambii kitu. Uliza kiko wapi.

Kilichokatika ni kano ya mbele, ile inayonyoosha mguu, ndo mana ukwato ulikuwa unajikunja. Hiyo inasikika mbaya ila ni afadhali, kano za mbele zikikatika farasi wengi wanarudi kutembea na hata kupandwa, kano za nyuma zinazobeba uzito zikikatika habari ni nyingine kabisa. Akashona alipoweza, sehemu nyingine akaiacha wazi mana ngozi ilishakufa, akafunga bandeji nzito kuanzia kwenye ukwato mpaka juu, akampa kinga ya haraka ya pepopunda na kuanzisha chanjo siku hiyohiyo. Dawa ya maumivu, antibaotiki, na amri ya kukaa bandani.

Jamaa akadhani imeisha. Bado.

Wiki ya tatu kidonda kikaanza kujaza nyama nyekundu inayopanda juu ya ngozi kama uyoga. Hii kwa farasi ni kawaida sana chini ya goti na chini ya kile kiungo cha nyuma, kule hakuna misuli, ni ngozi, kano na mfupa tu, damu inafika kidogo na mguu unacheza kila saa, kwahiyo nyama inaota kupita kiasi na ngozi inashindwa kuivuka. Watu wanapakaga vitu vikali vya kuunguza, vinaunguza kweli, vinaunguza na ile ngozi mpya inayojitahidi kufunga. Vetinari akaikata kwa kisu, haina mishipa ya fahamu kwahiyo farasi haumii, ila inatoa damu mpaka unaogopa. Alafu kukawa na usaha mdogo usioisha upande wa chini. Ikapigwa eksirei, kumbe kile kipande cha mfupa kilichokuwa wazi usiku ule kimekufa na kimejitenga, kimekaa ndani kama kibanzi. Akafungua akakitoa, kirefu kama ukucha wa kidole gumba. Baada ya hapo ndo kidonda kikaanza kufunga kweli.

Kingine kilichonitia wasiwasi kipindi chote hicho ni ule mguu wa pili wa nyuma, wa kulia, mana ndo ulikuwa unabeba. Farasi akiegemea mguu mmoja wiki nyingi, zile tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato zinaweza kukosa damu na kuachia, laminaitisi ya mguu mzima kwasababu ya mguu mbovu. Waliofuatilia mbio za farasi wanamkumbuka Barbaro, yule aliyeshinda mbio za Kentucky Derby kule Marekani mwaka 2006, akavunjika mguu wa nyuma kwenye mbio za Preakness wiki mbili baadae, mfupa ukatengenezwa na madaktari wa kiwango cha juu kabisa, na bado Januari 2007 ikabidi apumzishwe kwasababu ya laminaitisi, sio kwasababu ya mfupa. Kwahiyo kila asubuhi jamaa alikuwa anashika kwato zote kuangalia joto, na kusikiliza mapigo ya mshipa juu ya kisigino, chini ya kifundo, yakiwa yanadunda kwa nguvu unapiga simu hapohapo. Matandiko ya banda tukayaweka manene ili apate kulala na kupumzisha miguu. Na nafaka tukakata kabisa, farasi asiyetembea hana kazi ya nafaka.

Sasa turudi uwanjani, mana ndo sababu ya kuandika hivi vyote.

Siku ya pili tu jamaa alikuwa ameshapanga cha kufanya: nyuzi mbili za ziada za seng'enge, nguzo ndefu zaidi, "hata kunguru asitoke". Nikamwambia twende kwanza tukatembee kando ya fensi taratibu, tuangalie chini.

Upande wa mashariki kulikuwa na njia. Njia kabisa, imechongeka, upana wa farasi mmoja, inaenda na kurudi kando ya waya, majani yameisha udongo umekuwa mgumu. Ile haitokei usiku mmoja, ile ni wiki na wiki za farasi kutembea huku na kurudi. Kwenye waya wa juu kulikuwa na nywele za shingoni zimeshika kwenye miba, nyingi tu, na nguzo tatu zimeinama kuelekea nje. Ndani ya uwanja nyasi ziko kama zimenyolewa, nje hatua mbili tu zimefika magotini. Ndoo ya maji imelala chali, na inaelekea haikuwa mara ya kwanza. Na upande huohuo ndo walipokuwa farasi wawili wa jirani, ambao mchana wa siku ile, mchana tu kabla ya usiku wenyewe, walihamishwa wakapelekwa sehemu nyingine.

Niseme na langu, mi mwenyewe wiki tatu kabla nilipita pale nikaiona ile njia. Nikasema moyoni huyu farasi ana kitu, nikasema nitamwambia jamaa, nikasahau. Kwahiyo simnyooshei mtu kidole kwa raha.

Angalia alivokuwa anaishi. Tukampima kwa futi ya kamba, mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele sentimita 172, urefu kutoka bega mpaka tako 160. Unachukua mzunguko mara mzunguko mara urefu, unagawa kwa 11,880, inakuja karibu kilo 398. Farasi wa hivo anatakiwa ale majani makavu kilo 6 kwa siku kama kiwango cha chini, vizuri ikiwa 8, yani asilimia 1.5 mpaka 2 ya uzito wake. Tukapima kile anachopewa: kilo 3 na kidogo kwa siku nzima, ukijumlisha asubuhi na jioni, na juu yake makopo mawili ya nafaka. Uwanja ulikuwa unachangia zamani, msimu wa mvua, ila nyasi ziliisha na hakuna aliyebadilisha hesabu. Mbavu zilikuwa zinahesabika, kwenye kile kipimo cha unene wa farasi cha Henneke cha 1983, kinachoanzia 1 aliyekonda kabisa mpaka 9 aliyenenepa kupitiliza, ningempa 3, na yeye jamaa alikuwa anaona yuko fiti kama wa mashindano.

Na sio uzito tu. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na linatoa asidi saa zote, ale asile, mana limeumbwa kwa mnyama anayetafuna kidogokidogo mchana na usiku. Ukimlisha mara mbili kwa siku yanabaki masaa kumi hivi ya usiku tumbo tupu na asidi, anapata vidonda vya tumbo, anaanza kutafuna mbao, anasukuma fensi. Alafu unamuita mkorofi. Unywaji ndo usiseme, farasi wa ukubwa ule anamaliza lita 25 mpaka 50 kwa siku kutegemea joto na kazi, ndoo moja ya lita 20 inayoanguka sio maji hayo. Akikosa maji huku anakula makavu, msokoto wa tumbo unakuja, na farasi hawezi kutapika kwahiyo kilichoingia hakina njia ya kurudi.

Alafu upweke. Farasi ni mnyama wa kundi, halali usingizi mzito kama hakuna mwenzake anayesimama kulinda. Kahawia kundi lake lilikuwa wale wawili ng'ambo ya waya. Walipoondoka akabaki na njaa, kiu, giza, na hofu. Hakuruka fensi kwasababu ya utundu, alikuwa anawafuata. Hapo hata ungejenga ukuta angejiumiza kwenye ukuta, na ndo mana zile nyuzi mbili za ziada nilizikataa, zingeongeza miba tu mahali ambapo mnyama ana kila sababu ya kupita.

Seng'enge yenyewe nayo ina kesi, tusiiache. Aliyeipatia hataza ile aina maarufu ni Joseph Glidden, Marekani, 1874, na ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe akichomwa anarudi nyuma polepole. Farasi akichomwa anakimbia, na mguu ukiwa umeshaingia anakimbia na waya. Iliyolegea ni mbaya zaidi mana inajizungusha, na pale ilikuwa imelegea kwasababu ya zile nguzo zilizoinama. Kona yenyewe aliponasa ilikuwa kali, imechongoka, farasi akisukumwa au akiingia kwa kasi hana pa kugeukia.

Tulichofanya kwa mpangilio wake, na mpangilio nauzingatia kweli. Kwanza chakula, tukapandisha majani polepole kwa siku kumi na kitu mana vijidudu vya utumbo wake vinahitaji muda kuzoea, ukimshtua ndo unapata msokoto au laminaitisi. Majani yakawekwa kwenye nyavu zenye matundu madogo ili yadumu usiku. Hapo jamaa akaniuliza kama anaweza kumnenepesha haraka kwa chakula cha kuku kilichobaki stoo, nikapiga kelele. Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe vina dawa inaitwa monensini, kuku hana shida nayo, farasi moyo wake unaharibika kwa kiasi kidogo sana na hakuna dawa ya kumrudisha. Hata ndoo moja ya kuchotea usiichangie.

Pili mwenzake. Alifikiria punda, na punda ni mtu mzuri tu, ila punda anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila hata kukohoa alafu akamwambukiza farasi, kwahiyo anapimwa kwanza. Mwishowe akapata farasi jike mzee anayetaka kupumzishwa. Kahawia alikuwa bado bandani, tukaanza kwa kuwaacha waonane na kunusana kupitia ubao, siku kadhaa, na alivoruhusiwa kutoka tukaweka mafungu matatu ya majani kwa farasi wawili ili asiwepo wa kufukuzwa akabaki na njaa. Yule bibi siku ya kwanza alimng'ata tako, ikaisha hapo.

Fensi ndo ikaja ya tatu. Seng'enge yote ikatolewa. Mbao tatu kwenda juu, urefu karibu mita 1.4, zimepigiliwa upande wa ndani ili farasi akiegemea aisukume kuelekea kwenye nguzo na sio kung'oa misumari. Kona zikazungushwa. Juu ndani ukapita mkanda mweupe wa umeme wa milimita 40, mpana, mana waya mwembamba farasi anayekimbia hauoni, na gizani ndo kabisa. Umeme unapimwa mwisho wa mstari kabisa, ikishuka chini ya volti 3,000 kuna majani yanagusa mahali, unaenda unafyeka. Na siku ya kwanza farasi anatembezwa kwa kamba mzunguko mzima, mchana, aione kabla hajaachiwa. Upande wa jirani ikajengwa mita 3 ndani ya mpaka ili wasipigane juu ya waya farasi wa pale wakirudi. Geti likapata komeo ambalo mdomo wa farasi hauwezi kulifungua, jamaa alicheka hadi alipomuona yule bibi akijaribu.

Kwato nazo zikaingia kwenye ratiba, kila wiki 6 mpaka 8 fundi anakuja. Zamani alikuwa anamuita "zikionekana ndefu", na za nyuma zilikuwa ndefu kweli, sina uhakika kama hazikusaidia ule mguu kunasa.

Sasa ni mwezi wa nane tangu aumie. Kahawia anatembea, anatroti, yani anakimbia mchakamchaka, siku za baridi ncha ya ule mguu inakwaruza chini kidogo mpaka apashe mwili. Kuna kovu refu lisilo na nywele ambalo inzi wanalipenda kwahiyo linapakwa. Mbavu hazionekani ila ukipapasa unazipata, nampa 5. Ile njia ya upande wa mashariki imeota majani. Vipande vya waya ndo bado, mana fensi ya zamani ilikuwa inazikwa palepale ikikatika, na kila mvua kubwa ikinyesha vinachomoza, jamaa anazunguka na ndoo kila Jumamosi asubuhi kabla hajawatoa farasi. Juzi alirudi na vipande vinne, kimoja kirefu kama mkono.